Aliyeandikwa kwa Penseli

Mtoto alipoanza kufumbua macho sawasawa, wa kwanza kuliona lile jambo alikuwa bibi yake mzaa mama. Si ajabu, maana macho ya watu ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Alikuwa fundi wa miwani, mwenye kibanda cha vioo pembeni mwa ngazi za posta, na miaka ya kuinamia skrubu ndogo kuliko punje ya mtama ilikuwa imempinda mgongo kidogo na kumpa jina la Bi Lenzi. Jina lake halisi lilibaki kwenye leseni ya biashara tu.

Katika jicho la kushoto la mtoto, ule mviringo wa kahawia unaoizunguka mboni ulikuwa na kipande cha kijivu, chembamba, mfano wa ubale wa ndimu.

"Anaumwa?" binti yake aliuliza.

"Haumwi. Ndivyo alivyoumbwa. Ni jicho la babu yako."

Mzee, baba yake Bi Lenzi, alikuwa na kipande hichohicho kwenye jicho hilohilo. Bi Lenzi mwenyewe hakukipata, wala binti yake. Kilikuwa kimewaruka wote wawili kikatua kwa kitukuu. Bi Lenzi akambeba mtoto mpaka chumbani kwa Mzee, anacheka, akamwambia mwenzako huyu hapa. Mzee akamtazama mtoto kwa muda, kisha akavuta pembe ya blanketi, akamfunika uso.

"Msimtembeze sana," alisema.

Mzee alikuwa seremala aliyestaafu, mtu wa maneno machache na vidole vilivyojaa makovu. Kila alipoulizwa juu ya watu wake alitoa jibu moja tangu Bi Lenzi akiwa mdogo: "Sisi tumeota kama uyoga. Mvua ilinyesha, tukawepo." Jibu hilo lilimchekesha Bi Lenzi alipokuwa mtoto. Lakini sasa kulikuwa na binti anayeuliza kwa ajili ya mtoto wake, tena ana haki ya kuuliza, kwamba jicho hili limetoka kwa nani, na kama kuna ugonjwa unaoandamana nalo. Bi Lenzi akaona aibu kutokuwa na la kujibu. Mficha uchi hazai, alijiambia, na Jumamosi iliyofuata akaenda kwenye Chama cha Shina.

Chama hicho kilikutana alasiri katika chumba cha nyuma cha maktaba, chumba chenye harufu ya gundi na feni inayozunguka kwa kulalamika. Walikuwa watu wachache wanaotafuta koo zao. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kutuliza, aliyependa kusema kwamba nusu ya mji huu ameipokea kwa mikono yake na nusu nyingine ameikemea. Kulikuwa na mzee wa reli anayejua kila stesheni na kila aliyewahi kuoa karibu nayo. Kulikuwa na kinyozi aliyejiunga ili athibitishe kwamba ana damu ya kifalme, akaishia kumpata babu aliyefungwa kwa wizi wa mbuzi.

"Lakini mbuzi walikuwa wa mfalme," alipenda kujitetea. "Kwa hiyo tulikuwa karibu."

Ukutani kila mwanachama alikuwa na karatasi yake kubwa, na juu yake alichora ukoo wake kama mti. Waliokufa waliandikwa kwa wino. Walio hai waliandikwa kwa penseli. Karatasi ya Bi Lenzi ilikuwa na watu wanne, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa: Mzee kwa penseli, marehemu mama yake kwa wino, yeye na binti yake kwa penseli. Chini kabisa aliandika "mjukuu", basi, bila jina, kwa kuwa wazazi wa mtoto walikuwa bado wanavutana juu ya jina.

Kazi ilikuwa ngumu. Mji ambao Mzee alizoea kuutaja kuwa ndiko alikotoka, mzee wa reli aliuulizia kwa marafiki zake wote. Huko hakuna aliyewahi kusikia jina la Mzee wala la baba yake. Shule aliyosema alisoma haikuwahi kuwako.

Mkunga alimvuta Bi Lenzi pembeni. "Mwanangu, nisikilize. Yatima nawajua, nimewazalisha mama zao. Yatima ana shangazi mkorofi, ana jirani, ana mtu. Mtu asiye na hata mmoja si yatima. Huyo amekimbia."

"Amekimbia nini?"

"Hilo ndilo la kujiuliza kabla hatujaendelea. Tuendelee?"

Bi Lenzi akasema waendelee. Basi mkunga akawatumia ujumbe wenzao wa vyama kama hivyo katika miji mingine, akiwauliza kama wanajua ukoo wowote wenye alama ya kijivu kwenye jicho la kushoto. Wazo hilo lilionekana zuri. Wote walilisifu.

Mvua za kwanza zilipoanza, alikuja mwanachama mpya. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpana wa mabega, mwenye vumbi jeupe lililoganda kwenye mikunjo ya ngozi ya mikono. Alijitambulisha kuwa mchonga mawe. Alikuwa amekodi karakana nyuma ya uwanja wa mizigo, anachonga mawe ya makaburi. Kinyozi hakukawia kumwita Tindo, jina la ile patasi ya chuma iliyochungulia mfukoni mwake kama kalamu. Alikuwa mpole. Alisaidia kupanga viti. Hakuchora karatasi yake, alisema atachora akishajua wapi pa kuanzia, lakini alipenda kusimama mbele ya karatasi za wenzake, mikono nyuma, akisoma polepole.

"Huyu wa penseli," alimuuliza Bi Lenzi siku hiyo ya kwanza, akionyesha kwa kidevu. "Bado yupo?"

"Yupo. Baba yangu."

"Mwenye afya?"

"Magoti tu."

"Mungu ni mwema," Tindo akasema.

Juma lililofuata alikuja kibandani kwake, mkono mmoja wa miwani yake umechomoka. Bi Lenzi akamkalisha kwenye kile kiti kirefu, akatafuta skrubu, akakaza, kisha akamvisha na kuinama mbele yake aone kama fremu imekaa sawa juu ya pua. Ni jambo alilolifanya kila siku bila kufikiri. Taa ndogo ya mezani ikamulika uso wa yule bwana, na nyuma ya kioo cha kushoto Bi Lenzi akakiona kipande cha kijivu, mfano wa ubale wa ndimu.

Bisibisi ilimponyoka. Alianza kucheka na machozi yakamlenga papo hapo. "Wewe ni nani wetu?" alimuuliza. "Kwa nini hukusema?"

Tindo hakucheka. Alimtazama kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa kwenye foleni na sasa zamu yake imefika.

"Nilitaka ulione mwenyewe, dada," alisema. "Nimepita kwenye vyama vingi kama hiki chenu. Miji mingi. Halafu nikausikia ujumbe wa mwenyekiti wenu."

"Baba atakufa kwa furaha."

"Usimwambie kwanza. Nataka kuja mwenyewe."

Lakini nani angeweza kunyamaza na neno kama hilo? Bi Lenzi alifunga kibanda mapema, akanunua matunda njiani, akaingia nyumbani akiita. Mzee alikuwa dirishani, akimtengenezea kitukuu njuga ya mbao. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaiweka njuga sakafuni, taratibu.

"Ana umri gani?"

"Hamsini hivi. Amepanuka mabegani, kama wewe kwenye ile picha ya zamani."

"Umemwambia tunakaa wapi?"

"Sijamwambia. Lakini baba, hata nisipo..."

"Umeandika wapi majina yetu?"

Akamweleza juu ya karatasi ukutani. Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua alionekana ameongeza miaka.

"Kaitoe," alisema. "Ukishaitoa usirudi tena huko. Na binti yako mwambie asije na mtoto hapa mpaka niseme."

Alisogeza kiti chake kutoka dirishani, akakiweka kwenye kona ambayo mtu aliye barabarani hawezi kuiona, akakaa. Ndivyo alivyokaa wiki nzima. Kitasa kilipolia hata kwa upepo, aligeuza kichwa. Bi Lenzi alimpelekea chakula kikarudi kilivyo. Alijaribu kumbembeleza, akajaribu kumkasirikia. Mzee akasema tu, "Mwanangu, wewe umekwenda kuuliza njia kwa simba."

Jumamosi Bi Lenzi alikwenda maktaba kuitoa karatasi. Alipoingia, mazungumzo yalikatika. Kinyozi alisimama, akavua kofia. Mkunga akamjia mikono wazi, akamkumbatia.

"Pole, mwanangu. Mbona hukutuita tukazike nawe?"

"Kumzika nani?"

Mkunga akamwachia, akageuka kuitazama karatasi. Bi Lenzi naye akaitazama. Juu ya ule mwandiko wake wa penseli, jina la Mzee lilikuwa limepitiwa upya, herufi kwa herufi, kwa wino mweusi. Mkono ulioandika ulikuwa mzuri sana. Kila herufi ilikuwa na miguu yake, iliyonyooka, kama zile za makaburini.

Mzee wa reli alisema walidhani ni yeye Bi Lenzi aliyepita asubuhi kuandika. Tindo alikuwa nyuma, anapanga viti. Aliweka kiti alichokishika, akakilinganisha na mwenzake.

"Ni mimi," alisema. "Nimetangulia kidogo tu."

"Umetangulia nini?" Bi Lenzi aliuliza.

"Muulize baba yako jina lake. Si hilo. Lile alilopewa na bibi yetu."

Kinyozi, ambaye hakuwa mtu wa ugomvi, alikwenda kusimama kati yao. Tindo hakuhitaji kusukumwa. Alichukua mwavuli wake, akamtakia kila mtu jioni njema na kuondoka. Bi Lenzi aliichana karatasi ukutani, pembe zikabaki kwenye gundi, akaikunja akakimbia nayo nyumbani.

Mzee alipouona ule wino, alijua hakuna tena pa kujificha. Akaongea.

Walikuwa ndugu wawili, yeye na kaka yake, wapasuaji mbao. Kaka alikuwa jogoo wa nyumba, mtu wa kucheka sana na kukasirika sana. Alikuwa na ugomvi na mfanyabiashara mmoja wa mbao, na alfajiri moja ghala la yule mfanyabiashara likateketea. Ndani alikuwemo mlinzi, amelala. Mzee, wakati huo kijana asiyeota ndevu vizuri, alikuwa amemwona kaka yake akirudi kwa mlango wa nyuma, shati linanuka mafuta ya taa. Mahakamani wakamuuliza alichokiona.

"Nikasema," Mzee alisema. "Waliponiuliza, nikasema. Sikuongeza wala sikupunguza."

Kaka akanyongwa. Siku mwili ulipozikwa, mama yao alisimama mlangoni asimruhusu Mzee kuingia. Hakupiga kelele. Alisema: nimezaa wawili, mmoja amemuua mwenzake. Kisha akamchukua mjukuu wake mchanga, mtoto wa marehemu, akamnyanyua mbele ya uso wa Mzee ili mtoto amtazame. Jicho lake la kushoto lilikuwa na alama.

"Akaniambia, huyu atakutafuta. Nikabadilisha jina, nikaja huku. Nikajua ukikaa kimya vya kutosha, na kifo kinakusahau. Kumbe."

Bi Lenzi hakulaumu. Alishindwa hata kujua amlaumu nani. Asubuhi yake, baada ya kumfungia Mzee mlango kwa nje, alikwenda mwenyewe kwenye karakana nyuma ya uwanja wa mizigo. Alidhani atazungumza na mtu. Alidhani, kwa kuwa ni ndugu, kuna neno litakalopatikana.

Karakana ilikuwa nyeupe tupu. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, juu ya meza, juu ya redio, juu ya kope za Tindo alipoinua uso. Alimpangusia dada yake kiti. Nyuma yake, limeegemezwa ukutani, lilikuwa jiwe kubwa jeusi lililosuguliwa mpaka linang'aa.

"Jiwe la ukoo," alisema, akifuata macho yake. "Bibi alitaka tulale pamoja wote. Nimelianza zamani."

Juu lilikuwa na jina la baba yake Tindo, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kunyongwa. Chini yake jina la bibi yao. Chini ya hilo, jina ambalo Bi Lenzi alikuwa amelijua tangu jana tu, jina la kuzaliwa la Mzee, na mwaka aliozaliwa, na kistari. Baada ya kistari jiwe lilikuwa tupu. Kisha lilifuata jina lake yeye Bi Lenzi, na la binti yake, yote yamechongwa kwa kina kilekile, na baada ya kila mwaka kistari kinachosubiri.

"Unataka kutufanya nini?" aliuliza.

"Mimi nachonga tu, dada. Jiwe halina haraka." Akapitisha kidole chini kabisa, mahali palipolainishwa kuliko kwingine, padogo, panatosha jina moja. "Yule mtoto mwenye jicho letu. Hukuandika jina lake ukutani. Anaitwa nani?"

Bi Lenzi aliondoka bila kujibu. Akashika barabara ya kurudi nyumbani. Aliwaza polisi, lakini angewaambia nini? Kwamba kuna mtu amechonga majina? Hakutishiwa. Hakuguswa. Aliwaza kuhama, akampigia binti yake simu akamwambia afungashe vitu vya mtoto.

Mzee ndiye aliyekataa. "Nimekimbia mara moja," alisema. "Nilikuwa na miguu. Nitafutie shati safi, unipeleke."

"Baba, huyo mtu si mzima."

"Ni mzima. Amelelewa hivyo. Nipeleke."

Wakaenda wote wawili, adhuhuri, Mzee akitembea kwa fimbo na kupumzika kila baada ya nguzo. Tindo alipomwona mlangoni, tindo na nyundo vilibaki hewani mikononi mwake. Kwa mara ya kwanza Bi Lenzi alimwona hajui la kufanya. Alikuwa amemtafuta maisha yake yote, na hakuwa amefikiri kwamba atakuja kwa miguu yake.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema. Ilimtoka tu.

"Marahaba, mwanangu." Mzee akalisogelea jiwe, akalisoma kwa kidole kwa kuwa macho hayakutosha. Alipolifikia jina lake akaligongagonga. "Hapa andika utakavyo. Hata leo. Lakini nataka kukuuliza. Mlinzi yuko wapi?"

"Mlinzi gani?"

"Aliyekuwa ghalani."

Tindo akamwangalia Bi Lenzi, kisha Mzee. "Ghala lilikuwa na mbao," alisema. "Baba yangu alinyongwa kwa mbao. Ulimuuza kwa mbao za watu. Bibi alinisimulia kila siku kabla sijalala."

"Watu hawanyongwi kwa mbao," Mzee akasema.

Alimtajia mlinzi jina lake. Alimtajia na kijiji, na kwamba alikuwa na mguu mmoja mfupi, na mke, na binti mdogo aliyekuwa akimletea chakula jioni. Aliyasema bila kutafuta, kama mtu anayeyarudia kila siku moyoni. Wakati anaongea, uso wa Tindo ulikuwa unajifunga. Bi Lenzi alisogea karibu na baba yake, maana nyundo ilikuwa bado iko mkononi mwa yule mtu, na vidole vilivyoishika vilikuwa vyeupe si kwa vumbi tu.

"Unasema uongo."

"Ningekuwa muongo, ningesema uongo ule mwaka, na baba yako angekuwa hai."

Nyundo ikaanguka. Ilianguka sakafuni, ikapasua ukingo wa kigae. Mwishowe Tindo akasema waende. Alisema kwa upole uleule wa siku zote, akawafungulia mlango.

Wiki kadhaa hawakumwona. Kisha Jumamosi moja, Bi Lenzi akiwa amerudi chamani kwa kuwa mkunga alimsihi, Tindo aliingia akaketi mwisho wa safu. Alikuwa amekonda. Alimwambia mzee wa reli kwamba amekwenda mpaka kijiji kile, na kwamba lilikuwako ghala, na alikuwako mlinzi, na bado wako wanaokumbuka harufu ya moto ule. Alitaka msaada wa kumpata binti wa mlinzi, yule aliyeleta chakula. Hakumtazama Bi Lenzi aliposema hayo.

Walimpata. Alikuwa bibi wa watu sasa, anaishi mbali, na mkunga ndiye aliyempigia simu, wote wakiwa wameizunguka meza. Akamweleza kwa adabu kwamba kuna familia inayotaka kuja kumwona na kumwomba radhi.

"Sisi tulimzika bila mwili," sauti ya yule bibi ilisema. "Ilituchukua miaka. Nyie mkija mtamfufua, na mimi sina tena pa kumweka. Msije. Na mtu wenu mwingine asinitafute tena." Akakata.

Mpaka leo Mzee yu hai, na Tindo huja kumwona Jumapili. Hupewa chai kama ndugu, huitika wito kama ndugu. Hukaa na baba yake mdogo barazani. Alishasema kwamba jiwe amelivunja, ingawa hakuna aliyekwenda kuhakikisha, na karakana sasa ina kufuli. Jina la mtoto hajauliza tena.

Siku binti anapokuja na mtoto, Bi Lenzi hutoka kibandani mapema. Hukaa barazani nao, kazi yake ya mkono mapajani, na Tindo akinyoosha mikono amshike mtoto, humpa. Lakini hakuondoki mtu pale mpaka mtoto arudishwe, na chai ikiisha vikombeni, hakuna anayeinuka kwenda jikoni kuongeza.